Mbao Nane za Mkulo

Neno la kwanza la Kilatini nililofundishwa maishani ni meza. Padri aliyetufundisha alipiga kiganja kwenye meza yake, akasema "mensa", nasi wavulana tuliotoka vijiji vya huku milimani tukaitikia kwa sauti moja. Kisha akatuambia kwamba neno hilo lilitoka kwa Warumi, likapita kwa Wareno, likafika pwani, na sisi tukalipokea tukadhani tumezaliwa nalo. Niliipenda habari hiyo kuliko sala zote za siku ile. Baba alipofariki niliacha seminari, nikarudi kwetu Shume kushika msumeno wake, na tangu hapo nimetengeneza meza nyingi hata sizikumbuki. Watu wakinitania kwamba Kilatini changu kilipotea bure, huwa nawajibu kwamba darasa zima ni mimi peke yangu niliyelitii somo la kwanza.

Lakini ninayotaka kuyaeleza hapa ni ya neno jingine, na ya mbao nane ambazo baba aliziacha juu ya kenchi, zile boriti za paa, katika jiko la mama.

Mbao hizo zilikuwa za mkulo. Asiyeujua mkulo aelewe tu kwamba ni mti wa misitu yetu, na ukiuranda unatoa harufu ya kafuri mpaka pua inafunguka. Baba aliupasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, enzi ambazo kibali cha kukata mkulo kilikuwa bado kinatolewa. Siku hizi ukikutwa na mkulo mbichi utajibu maswali mpaka ukome. Alizipanga juu ya kenchi zikauke kwa moshi, akamwambia mama mbele yetu sote kwamba hizo ni za jeneza lake, asije mtu akamzika kwenye mabanzi. Ilivyotokea, akatangulia yeye. Mama alitaka zishushwe zimsitiri mwenye kuzipasua, baba zangu wadogo wakakataa kwa sababu marehemu alishasema ni za nani. Akazikwa kwenye paina, jeneza la kupigwa misumari asubuhi na kushushwa kaburini alasiri. Mimi ndiye niliyeshikilia mbao zikipigiliwa. Nilikuwa bado nimevaa shati la seminari.

Mama hakuzisahau mbao zake. Mgeni akiingia jikoni, kabla hajapewa kiti, ataonyeshwa juu: zile pale, nane, mume wangu aliniachia. Alizungumzia habari zake kama wengine wanavyozungumzia shamba.

Na mimi mwanawe, fundi seremala, msomi wa Kilatini, niliziiba mbili.

Niseme yote. Nilipotaka kuoa, ilijulikana kwamba mashangazi wa bibi harusi watakuja kukitazama kitanda. Upande wa mke wangu, kule Malindi ya huku milimani, si ile ya pwani, ndivyo wanavyofanya: hawaulizi nyumba ina vyumba vingapi, wanakwenda moja kwa moja chumbani, wanafunua shuka, wanagonga ubao kwa kiganja na kusikiliza. Shangazi yake mkubwa alisifika kwa hilo. Seremala atakayeoa kwa kitanda cha paina angechekwa kuanzia Malindi mpaka Lushoto mjini, na mimi nilikuwa kijana mwenye majivuno yaliyozidi kimo changu. Siku mama alipokwenda kwenye jumuiya, nilipanda kwenye kenchi, nikashusha mbao mbili za mkulo, nikapandisha mbili za paina za urefu ule ule, nikazipaka masizi ya sufuria. Moshi ukafanya kazi iliyobaki. Moshi hauchagui, baada ya miaka michache paina na mkulo vyote vinakuwa vyeusi, na hata mimi nikitazama kutoka chini sikuweza tena kujua zipi ni zipi.

Shangazi alikuja, akagonga, akanusa, akasema hiki ni kitanda cha mtu. Nikavimba kichwa. Ni baadaye, harusi ilipopita na nyumba ikatulia, ndipo nilipoanza kujisikia vibaya, na sikuwahi kuacha. Kila mama alipomwonyesha mgeni mbao zake nane, mimi nilitazama chini. Nilijiambia nitatafuta nyingine mbili nizirudishe. Kisha msitu ukafungwa, na ahadi yangu ikafungwa nao.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, mama aliugua kifua. Alipopona alikuwa amepungua, macho yamefifia, lakini ulimi uko pale pale. Akaniita akasema anataka jeneza lake litengenezwe sasa, akiwa hai, alione.

"Mama, jeneza halitengenezwi mtu akiwa mzima," nikamwambia.

"Nani kasema? Mtu akishonewa gauni si analijaribu?"

Nikasema mvua. Nikasema nina oda ya madawati ya shule. Nikasema mbao zilizokaa juu muda mrefu lazima zipumzike chini kwanza, jambo ambalo nililibuni hapo hapo, na yeye, mke wa mpasua mbao, alinitazama tu. Ukweli ni kwamba niliogopa randa. Masizi yanaficha rangi na yanaficha harufu, lakini randa ikipita mara moja tu, mkulo utanukia kafuri na paina itanuka paina. Mama macho yamepungua, pua haijapungua. Nikizishusha mbao zile mbele yake, atajua kwamba mwanawe mwenyewe alimwibia jeneza lake, na atakufa akijua hivyo. Basi nikawa naahirisha, na kuahirisha huko nako kukawa wizi wa pili, maana kama angekufa katikati ya visingizio vyangu angeondoka bila kukiona kitu pekee alichokiomba.

Hapo ndipo alipokuja Mhispania.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtafiti wa miti, amepanga chumba kwa jirani yangu. Alitaka fremu mbili za vipande vyembamba vya mbao, za kubania majani anayoyachuma msituni yakauke bila kujikunja. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikongoja, lakini shikamoo yangu alinipa bila kukosea, nikampenda papo hapo. Nilipokuwa nikipima, aliokota maranda sakafuni, akayasogeza puani, akafumba macho, akasema peke yake: "Madera."

"Ndiyo nini hiyo, dada?"

"Mbao. Kwetu tunasema hivyo."

Nikasimama na futi mkononi. Kichwani niliisikia sauti ya padri wetu mzee, akitembea kati ya madawati: materia, materia. Tulifundishwa kwamba maana yake ni kile ambacho vitu vimeumbwa kwacho, tukakariri, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kitu hicho kinanukia nini. Nikamuuliza Mhispania kama madera na materia ni ndugu. Alinitazama upya, kama mtu aliyekuta maji mahali asipoyategemea.

"Fundi, unajua Kilatini?"

"Nilikuwa nakijua. Sasa najua misumari."

Alicheka, akachomoa penseli iliyokuwa sikioni pangu, akachukua kipande cha ubao, akakaa juu ya gogo na kuanza kuandika ukoo. Warumi, alisema, walipotamka materia kwanza kabisa walimaanisha mbao za kujengea, ile nyama ngumu ya ndani ya shina, mbali na gome na matawi. Baadaye watu wa kufikiri sana walipotafuta neno la kuita kile ambacho dunia yote imetengenezwa kwacho, hawakuwa nalo, wakaazima la seremala. Nilimwomba arudie hapo. Miaka yote nilikuwa nadhani nimeshuka kutoka kwenye Kilatini mpaka kwenye mbao, kumbe mbao ndizo zilizotangulia na falsafa ikaja kuomba.

Juu kabisa ya kile kipande aliandika mater, mama. Wajuzi wengi, alisema, wanaona materia limetoka hapo, kwa kuwa shina ndilo mama wa mti, ndilo linalozaa machipukizi. Ndiyo maana kwao Hispania mama ni madre na mbao ni madera, wanaishi nyumba jirani. Kwa Waingereza, ukoo umesambaa zaidi. Kuna material, na kuna matter, na kuna matrix, ambalo zamani lilikuwa tumbo la uzazi kabla wenye hesabu hawajalichukua. Kuna maternity, ambalo mimi mwenyewe nimelisoma mlangoni mwa wodi ya wazazi bila kulitilia maanani. Nikamwambia aongeze mother. Akakataa, akasema huyo si mtoto wa mater, ni binamu yake. Wote wawili wana bibi mmoja wa kale sana ambaye hakuna aliyemsikia akisema. Nikamwambia basi aongeze matirio, maana hapa karakanani kila siku tunalalamika kwamba matirio yamekwisha. Akaliandika chini kabisa, pembeni, akalichorea mstari mpaka kwa mama yao.

Alipokwenda na fremu zake, kile kipande nilikipigilia ukutani juu ya benchi. Nilikitazama wiki nzima. Lile matter la Kiingereza ndilo lililonishika zaidi. Mwingereza akitaka kusema jambo fulani lina uzito, halipuuziki, anatumia neno ambalo chini yake kuna ubao, na chini ya ubao kuna mama. Mimi nilikuwa na ubao na nilikuwa na mama, na nilikuwa nimevifanyia vyote viwili hila. Sitanii nikisema kwamba kuna asubuhi niliona aibu kukitazama kipande cha paina.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mama. Nilitaka kumpa habari hiyo ya neno, kwa sababu ni tamu, na pia, nikiri, kwa sababu nilitumaini itamsahaulisha jeneza kwa siku moja. Alikuwa anamenya viazi kwa kuvipapasa. Nilimweleza yote, Warumi, Wahispania, Waingereza, shina na machipukizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kishambaa, nami nayaandika kwa Kiswahili kama niwezavyo.

"Hao wamejua leo kwamba mti una mama?"

"Si leo, mama. Zamani."

"Baba yako hakusoma popote. Mkulo akiuangusha, kisiki chake anakiita mama. Anasema msiwashe moto hapo, mama atachoka. Unajua kwa nini?"

Nilijua na nilikuwa nimesahau. Mkulo ukikatwa haufi. Mizizi yake inasambaa mbali chini ya majani, na humo ndimo watoto wanamochomoza, hatua tano, hatua kumi kutoka kwenye kisiki, wengine wakati mama mwenyewe ameshaoza. Wapasua mbao wa zamani walikuwa wakikata, kisha wanazunguka kisiki kwa miguu kuangalia wasije wakaviringisha gogo juu ya watoto. Niliwahi kumwona baba akizunguka hivyo, akitazama chini, polepole, nikadhani ameangusha kitu.

Mama akafuta kisu kwenye kanga yake.

"Sasa kama mbao ni mama," akasema, "huyo mama yako yuko juu ya kenchi miaka yote hii anavuta moshi. Mshushe."

Mtego niliuleta mwenyewe, nikauingia kwa miguu yangu miwili.

Jumanne nilikwenda kuzishusha. Nilikuwa nimepanga kwamba nitarandia karakanani kwangu, peke yangu, kisha nimletee kitu kilichokwisha. Mama akakataa. Alitaka kazi ifanyike uani kwake, mbele yake, mbao zote nane, ikabidi nirudi kuchukua randa na benchi. Alishatoa kigoda na kukaa ukutani penye jua, kanga mbili mabegani, kama mtu anayesubiri ngoma ianze.

Nilipanda kwenye kenchi. Nilizishusha moja moja, nikazilaza uani, nikaanza kuzifuta masizi kwa kitambaa. Kwenye ncha ya ubao wa tano niliona kitu. Palikuwa na alama ya kisu, ndogo, mtu alikuwa amekwangua mpaka kwenye nyama ya mti, upana wa ukucha. Niliugeuza ubao wa sita, nikaona hauna. Wa saba hauna. Wa nane unayo. Nilinusa ile alama ya ubao wa tano, haikunuka kitu, kwa sababu yenyewe ilikuwa nyeusi kama sehemu nyingine zote. Alama ya jana huwa nyeupe. Hii ilikuwa imekaa ndani ya moshi ule miaka mingi.

Niliziweka kando zile mbili zenye alama, nikaanza na mkulo. Randa ikapita, masizi yakatoka kama ngozi, na chini yake ubao ukatokea mweupe wa manjano na ile harufu ikajaa uani. Mama akanyoosha mkono. Nikampa maranda. Aliyanusa muda mrefu, akayafunga kwenye pindo la kanga, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Akasema baba yangu alikuwa akirudi nyumbani jioni ananukia hivyo, shati zima.

Nilimaliza sita. Nilikuwa nimeloa jasho ingawa palikuwa na baridi. Nikachukua mmoja wa zile mbili zenye alama, nikauweka juu ya benchi, kisha nikaiweka randa chini.

"Mbona kimya?" mama akauliza. "Randa imechoka?"

"Mama, hizi mbili si mkulo."

"Ehe."

"Nilizichukua mimi. Zile zako nilifanyia kitanda cha harusi, nikapandisha paina. Nisamehe, mama."

Alitikisa kichwa, si kwa mshangao.

"Ulidhani aliyekwangua ni panya?"

Ndipo aliponieleza. Binti yangu wa kwanza alizaliwa nyumbani, kwa kuwa mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani na hospitali haikufikika. Mama ndiye aliyempokea. Baada ya uzazi, mke wangu alipohamishiwa kwenye mkeka, mama alichemsha maji akakisugua kitanda chote kwa brashi, na maji ya moto yakaiamsha ile kafuri. Alisimama na brashi mkononi, akajua. Aliporudi kwake alipanda ngazi, mwanamke wa umri wake, na kisu cha viazi, akapangusa masizi ya kila ubao na kunusa mpaka akazipata mbili zinazonuka tofauti, hizo akazikwangua alama.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, na mzazi bado anavuja damu? Lakini nilikasirika. Mwaka mzima. Hukuona nilikuwa nakuja kwako sili?"

Nilikumbuka. Alikuwa akija, anambeba mtoto, anasema ameshiba, anaondoka. Mimi nilidhani ni uzee umeanza.

"Ikawaje ukaanza kula?"

"Mtoto alianza kutembea," akasema, kana kwamba hilo linatosha kueleza, na nadhani linatosha.

Nikamwambia kitanda bado kipo, kizima, nitakivunja jioni hii hii, mbao zake zirudi, apate nane zake kama alivyoahidiwa. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Alinyanyua fimbo yake kutoka ukutani.

"Uvunje kitanda walichozaliwa wajukuu wangu? Ukikigusa nitarudi kutoka kaburini, na sitakuja kukusalimia."

"Wengine walizaliwa hospitali, mama. Ni mmoja tu."

"Walilala wapi waliporudi? Juu ya bati?"

Nikakaa chini kando ya kigoda chake. Nilimweleza kama fundi, kwa kuwa kama mwana nilikuwa sina la kusema. Nikamwambia mkulo unakaa ardhini miaka na miaka, paina haikai, maji yanaingia, inaoza upesi. Sikutaka aozee kwa sababu ya majivuno yangu ya ujana.

"Unataka nidumu humo nifanye kazi gani?" akauliza.

Jua lilikuwa limefika miguuni kwake, na maranda ya mkulo yalikuwa yametapakaa mpaka mlangoni mwa jiko. Alinyoosha fimbo akazipapasa zile mbao mbili nyeusi, moja, kisha nyingine, akizihesabu.

"Za mkulo weka ubavuni na juu," akasema. "Hizi mbili weka chini, mgongoni. Baba yako amelalia paina miaka yote hii. Na mimi nitailalia."

Nikainuka, nikauweka ubao wa paina juu ya benchi, nikashika randa.